Mbuzi wa Gachoki na Bunduki za Kianjai

Gachoki hakuwa na bunduki. Nalisema mapema ili baadaye mtu asije akanishika shati akidai nilimficha. Hakuwa na bunduki, hakuwa na leseni, na kitu cha pekee alichowahi kulenga maishani ni mifuko ya watu. Aliwahi kuwauzia wanakwaya wote wa kanisa moja la Embu ploti moja ile ile, na kwa muda mrefu kwaya ile haikuimba vizuri.

Asubuhi tunayoizungumzia alikuwa Makutano, Meru, ndani ya hoteli ya chai, amevaa suti ya kijivu na viatu vya kujiangalia uso. Meza ya pili aliketi mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, anaongea na simu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana na jirani ng'ambo ya bonde. Alikuwa akilalamika kwamba wezi wanaingia mashamba ya miraa kule Kianjai na kuvuna kabla ya wenyewe kuamka. Kamati ya wakulima imekubaliana mlinzi anunuliwe bunduki, tena shotigani ya kisasa, nyeusi, yenye tochi mbele. Lakini wamekwama. Wengine wanataka ile ya pampu, wengine wanataka ile semi.

"Pesa si shida," mzee akaiambia simu. "Shida ni kuchagua."

Sasa, kuna maneno ambayo mtu mwema akiyasikia humaliza chai yake akaenda kazini. Gachoki alibeba kikombe chake akahamia meza ya pili.

Alimwomba mzee radhi kwa kusikiliza yasiyomhusu, akasema Mungu ana njia zake za kukutanisha watu, kwani yeye, kwa bahati tu, ni mshauri wa silaha. Si muuzaji, mzee wangu, muuzaji anataka kuuza. Mshauri anataka ulale usingizi. Mzee akamtazama viatu, akamtazama suti, akasema anaitwa Misheck na ndiye mwenyekiti wa hiyo kamati. Akamwalika Kianjai siku iliyofuata, kisha akamwachia bili ya chai na mandazi. Gachoki alilipa akitabasamu. Mvuvi haoni uchungu wa chambo.

Lazima mjue kilichomsukuma, maana si njaa. Kule Manyatta, karibu na Embu, kulikuwa na msichana anaitwa Wanjira, fundi wa cherehani, mwenye kicheko cha kumfanya mtu asahau alichokuwa anadanganya. Gachoki alimpenda kweli. Ninaapa, katika mwili ule mzima wa uongo hicho kilikuwa kipande kimoja cha kweli. Baba yake, Mzee Njiru, alikuwa ametaja mbuzi wa mahari, na Gachoki alikuwa amewapata. Ndiyo, alikuwa nao tayari, wanono, kutoka soko la Ishiara, wamefungwa hapo hapo Manyatta kwa rafiki yake Nthiga wakingoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mzee alikuwa amesema wazi kwamba Jumamosi hiyo ikipita bila mbuzi, hatamtaka tena Gachoki mlangoni pake.

Basi angetulia, si ndiyo? Mtu ana mbuzi, ana mchumba, ana tarehe. Lakini kulikuwa na kijana mwingine anaitwa Muriuki, karani wa ofisi za kaunti, mwenye mshahara na gari, ambaye naye alikuwa akipita pita pale kwa Mzee Njiru. Gachoki aliona aibu kufika na mbuzi tu ndani ya pikapu ya kuazima ya Nthiga. Alitaka afike na gari lake mwenyewe na ndama nyuma, Muriuki atazame kwa dirisha la ofisi na mshahara wake. Ndiyo sababu alimwambia Nthiga atie mafuta, wanaenda Kianjai.

Alibeba mfuko mrefu mweusi, wa ngozi ngumu, wenye kufuli. Ulikuwa mfuko wa kinanda cha ile kwaya, nao ulikuja kwake kwa njia ambazo hatutazichimbua leo. Ndani alikuwa ametia kipande cha bomba la maji ili uwe na uzito wa heshima.

Ofisi ya kamati ilimfurahisha mno. Ilikuwa na bamba la sola, bado limefungwa nailoni. Pampu ya kunyunyizia dawa. Mashine ya kuangua vifaranga. Miche ya parachichi ilipangwa mlangoni, na kwenye kona kulikuwa na mizinga ya nyuki ya kisasa ambayo haijawahi kuona nyuki. Gachoki alizungusha macho akihesabu. Hawa ni watu wa kununua, akamnong'oneza Nthiga. Hawa wananunua kila kinachopita. Nthiga, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisema vitu vyenyewe vinaonekana vipya sana. Gachoki akamwambia hiyo ndiyo dalili ya utajiri.

Kamati iliketi. Misheck kwenye kiti cha mbele, na kando yake mweka hazina, mama anaitwa Karwirwa, mnene, mpole, miwani kwenye ncha ya pua, anafuma sweta. Gachoki akaweka mfuko mezani taratibu, akaeleza kwamba sheria haimruhusu kuufungua mbele ya watu wasio na leseni. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha akahubiri.

Ile ya pampu, alisema, ni bunduki ya mtu mzima. Ukishapiga, unavuta kishikio kilicho chini ya mtutu, kinarudi nyuma, kinaenda mbele, ndipo risasi nyingine inaingia. Ni ngumu, haijali vumbi wala matope, inakula risasi ya aina yoyote unayoipa, na bei yake haimtoi mtu machozi. Na ule mlio wake wa kuvutwa, wazee wangu, krrk-krrk, mwizi akiusikia gizani anaacha miraa, anaacha panga, anaacha na mkewe. Ile semi nayo ni bunduki ya akili. Inajipakia yenyewe, kazi yako ni kufyatua tu. Haikupigi bega sana, na wezi wakija kundi, hupotezi wakati kuvuta vuta. Ila ni ghali, inachagua risasi, na inataka kusafishwa kama mtoto.

Hakusema ipi bora. Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wenyewe. Mpango wake ulikuwa kuwagawanya, kila upande ukimbilie kulipa ada ya kushika nafasi kabla ya mwenzake, naye apokee mbili, kisha barabara ya Embu imeze pikapu. Wakati wa chai alimvuta Misheck kando, akamwambia mwanamume wa rika lake haulizi, anachukua pampu. Dakika chache baadaye alimwambia Karwirwa kwamba mama mwenye akili kama yeye anaona mbali, na mbali huko kuna semi.

Ilifanya kazi kuliko alivyotarajia. Waliporudi kuketi, kamati ilipasuka katikati. Misheck alisema semi ni bunduki ya wavivu. Karwirwa, bila kuacha kufuma, alisema pampu ni bunduki ya watu wanaopenda kelele. Mtu akamkumbusha mwingine habari ya mpaka wa shamba. Mwingine akavaa koti lake akasema anaenda nyumbani. Gachoki alikuwa akisugua mikono chini ya meza.

Ndipo Misheck alipomgeukia kwa huzuni kubwa. Akamweleza kwamba kwao mtu akileta jambo likawagawanya watu, hawawezi kuketi tena pamoja mpaka yeye mwenyewe alete mbuzi. Si hongo, asielewe vibaya, ni heshima. Nyama ikishaliwa, maneno yote yaliyosemwa yanafutwa, hakuna kinyongo, na mazungumzo yanaanza upya.

Gachoki alisikia "mbuzi", akasikia "heshima". Ile sehemu ya kuanza upya ilimpita sikioni ikaenda zake.

Nthiga aliuliza, kwa sauti ya chini, kama si afadhali kununua mbuzi wa hapo sokoni. Lakini Gachoki hakuwa na pesa mkononi, alikuwa na mbuzi Manyatta. Alisema atamkopa mmoja kutoka kwenye mahari, akishapokea ada atarudisha wawili. Wanjira hata hatajua. Basi yule beberu mweusi akapanda pikapu, akapita Chuka akilia, akafika Kianjai, akaliwa na mifupa yake ikafyonzwa. Ilikuwa karamu safi. Karwirwa alimwekea Gachoki mbavu. Watu wakasameheana mpaka mambo ya mpaka wa shamba.

Siku hiyo hiyo, baada ya kunawa mikono, Misheck alifungua kikao. Alisema kwamba kwa kuwa sasa nyoyo zimekuwa safi, wangependa mgeni awaeleze, tangu mwanzo, tofauti ya pampu na semi.

Gachoki akaeleza. Tangu mwanzo.

Safari hii ikazuka habari ya Riungu. Riungu ndiye mlinzi mwenyewe ambaye angeishika hiyo bunduki, mtu mrefu, mtaratibu, ambaye mkono wake wa kushoto haukuwa umeonekana bila kitawi cha miraa tangu alipoajiriwa. Karwirwa aliuliza pampu inavutwa kwa mikono mingapi. Miwili, akajibu Gachoki, mmoja nyuma, mmoja mbele. Wote wakamtazama Riungu. Akapewa mpini wa jembe ajaribu. Akapiga risasi ya kwanza kwa mdomo, paa, kisha akatazama mkono wenye miraa, akautazama mpini, akatafakari muda mrefu. Mwishowe akauliza kama mwizi anaweza kungoja kidogo.

Upande wa semi ukashangilia. Lakini Misheck akasimama akauliza ni nani aliyewahi kumwona Riungu akisafisha kitu. Tochi yake ina matope ya mvua ya mwaka jana. Ukimpa bunduki inayotaka kusafishwa kama mtoto, mtoto huyo atakufa. Riungu alikubali kwamba ni kweli. Alikubaliana na pande zote, ndiyo maana watu wakakasirika zaidi, kamati ikapasuka tena, na Misheck akamgeukia mgeni kwa huzuni kubwa.

Akaenda yule mwenye baka jeupe usoni. Kisha yule wa pembe moja. Kisha mapacha wawili wa kijivu, wakaenda kwa pamoja kwa sababu siku hiyo ugomvi ulikuwa mbaya sana, uliingia mpaka swali la risasi za mvua na risasi za kiangazi, kitu ambacho Gachoki mwenyewe alikibuni kwa kuchoka. Kila mara alikuwa karibu kushika ada. Kila mara Karwirwa alikuwa ameshaweka sweta chini, mkono umeelekea kwenye pochi, halafu mtu mmoja anasema neno kuhusu pampu.

Nthiga naye alikuwa amenenepa. Alikuwa akila mbavu kila safari na kuendesha kimya. Siku moja tu, wakishuka kuelekea Embu, alisema kwamba Wanjira amekuja tena kuwaletea mbuzi majani, na akauliza kwa nini wanapungua. Gachoki akamuuliza alimjibu nini. Nthiga akasema alimwambia wako malishoni.

Hapo Gachoki angeacha. Mimi ningeacha, wewe ungeacha. Lakini mtu aliyekula hasara ana ugonjwa wake, anaona akiondoka sasa ndiyo hasara itakuwa ya kweli. Na isitoshe, jambo la ajabu lilikuwa limempata. Alikuwa ameanza kuamini. Usiku alilala akiwaza kama ule mlio wa krrk-krrk kweli unatosha kumfukuza mwizi mwenye njaa, au kama si afadhali kasi. Alipomkuta Misheck akisema neno la uongo kuhusu kishikio cha pampu, alimrekebisha kwa ukali, kana kwamba amewahi kukigusa.

Mbuzi wa mwisho, jike jeupe ambalo Wanjira alilifunga utepe shingoni, lilikwenda siku mbili kabla ya Jumamosi ya mahari. Gachoki aliutoa ule utepe akautia mfukoni. Nyama ikaliwa. Watu wakanawa mikono. Misheck akasimama, akasafisha koo, na Gachoki akakaza moyo kueleza tangu mwanzo.

Lakini mwenyekiti alisema kamati imefikia uamuzi, tena kwa sauti moja, jambo ambalo halijatokea kwa muda. Wanamshukuru sana mgeni kwa elimu. Wamegundua kwamba pampu ina shida zake na semi ina shida zake. Kwa hiyo wameamua kuangalia habari ya mbwa. Wiki ijayo anakuja mtu kutoka Nanyuki kuwaonyesha mbwa wa Kijerumani na mbwa wa Kibelgiji, wachague.

Gachoki hakuelewa mara moja. Akauliza ada. Watu wakaanza kutafuta makoti yao. Akabaki na Karwirwa, anayekunja sweta lake lililokamilika. Akamwambia, mama, hata nusu tu, nina jambo zito Jumamosi.

"Keti, mwanangu," akasema Karwirwa. "Hii kamati haijawahi kuwa na pesa."

Akamwonyesha bamba la sola. Sampuli, imeachwa na kijana wa Thika. Mashine ya vifaranga, sampuli. Mizinga, miche, pampu ya dawa, zote zimeachwa na watu waliokuja kuwasaidia wakulima wachague. Mwenyekiti akienda Makutano hupiga simu kwa sauti, basi, watu wanakuja wenyewe. Sisi kazi yetu ni kuchagua, akasema, na kuchagua ni kazi ngumu, inahitaji nyama.

Gachoki alipandwa na hasira. Akasema huo ni wizi, atakwenda kushtaki. Karwirwa hakugombana naye. Aliinua ule mfuko mweusi kwa mkono mmoja, akautikisa kidogo, wote wawili wakasikia bomba likigonga ndani. Akaurudisha mezani polepole.

"Muuzaji wa haki akija hapa, anatuuliza leseni iko wapi, anaona hatuna, anakunywa chai anaenda zake. Hatujawahi kula mbuzi wake hata siku moja. Anayerudi na mbuzi ni mwizi peke yake. Ndiyo maana mimi nalala vizuri."

Kisha akamwambia kiti cha pikapu kina baridi kurudi usiku, akampa lile sweta. Lilimtosha kabisa.

Jumamosi ilifika kwa sababu Jumamosi haina huruma. Kwa Mzee Njiru palikuwa na hema, viti, sufuria kubwa jikoni na wazee wamevaa makoti yao ya kanisa. Gachoki alikuja kwa miguu kutoka barabarani, na njia nzima alikuwa akipiga pasi uongo wake. Uongo wenyewe ulikuwa mzuri, pengine mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga: ugonjwa wa mifugo, daktari wa serikali, amri ya kuwatenga mbuzi wote waliotoka soko la Ishiara. Ungesimama wenyewe hata mahakamani.

Lakini alipoingia, Wanjira alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, na trei ya vikombe mkononi, ndani ya rinda jipya aliloshona mwenyewe. Alikuwa akitazama nyuma ya Gachoki, kule langoni, akingoja mbuzi watokee. Gachoki akafungua mdomo, uongo ukagoma. Ndipo, mbele ya wazee wote, akasema kweli. Akaisema yote, Makutano, mfuko wa kinanda, pampu, semi, Riungu na mpini wa jembe, beberu mweusi, mapacha, mpaka utepe, ambao aliutoa akauweka mezani.

Wazee walicheka. Walianza wakijizuia, kisha wakashindwa, mmoja akapaliwa ikabidi apigwe mgongoni. Mzee Njiru alifuta machozi akasema amesikia waongo wengi, na wengine ni ndugu zake, lakini hajawahi kusikia kamati nzima ya Wameru ikila mbuzi wa mtu kwa sababu ya bunduki ambayo haipo. Hakuna aliyeamini hata neno. Walikubaliana kwamba kijana pengine amewauza mbuzi kwa shida fulani na anaona haya kusema. Ni mchangamfu, ana suti, vijana hukosea. Mzee Njiru, kwa wema wa kicheko kile, akasema anampa miezi mingine michache awatafute.

Gachoki hakuamini bahati yake. Akageuka kumtazama Wanjira.

Wanjira hakuwa anacheka.

"Mimi nimemwamini, Baba," akasema. "Kila neno."

Akasogea mpaka mbele ya Gachoki.

"Ulikuwa nao," akamwambia Gachoki, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Nilikuwa nawapelekea majani mimi mwenyewe. Walikuwa wanatosha. Ungesema wameibiwa, ningengoja. Ungesema umewauza kwa shida, ningengoja. Lakini ulikuwa nao wote, na ukaona hawatoshi. Nani alikuambia hawatoshi?"

Gachoki, ambaye angeweza kumuuzia mtu yeyote kitu chochote, alisimama pale akivuta vuta upindo wa sweta la Karwirwa. Wanjira aliweka trei mezani, akauchukua ule utepe, akaingia ndani.

Mzee Njiru, ambaye bado alidhani ni ugomvi wa vijana utaisha, alimvutia Gachoki kiti akamwambia aketi, chai inakuja. Chai ilikuja kweli. Aliyeileta alikuwa mama yake Wanjira.